Kabla Hujakunywa Dawa ya Kusafisha Tumbo

Muuzaji hupanda daladala kituo hiki akashuka cha tatu, na muda huo unamtosha. Anaomba radhi kwa usumbufu, anainua pakiti ya unga wa kijani, kisha anaanza maswali. Nani humu tumbo linamjaa gesi? Nani anaamka amechoka? Nani mgongo unamuuma, ngozi imemharibika, usingizi umempaa? Saa kumi na mbili jioni, gari limeshona mpaka mlangoni, ni nani asiye na mojawapo ya hayo? Hukumu inafuata: ni uchafu. Choo cha miaka kimeganda kwenye kuta za utumbo, kinaoza humo humo, sumu yake inapanda kwenye damu. Elfu tano tu, siku tatu, "na utaona mwenyewe kitakachotoka."

Utaona kweli. Biashara nzima imesimama hapo. Aliyemeza dawa ya malaria hawezi kuviona vimelea vikifa, lakini aliyekunywa dawa ya kusafisha tumbo anakiona alicholipia, tena mara nane kwa siku. Ndiyo maana hata watu makini hurudi kununua. Basi tuanzie huko huko chooni.

Kinachotoka ni nini

Maji ya kijani au ya njano ni maji yako mwenyewe, yamechanganyika na nyongo iliyopita mbio kabla haijapata muda wa kugeuka kahawia. Uteute nao si ugonjwa: utumbo mpana hujipaka ute kila siku ili choo kiteleze, na ukiukera unatoa mwingi zaidi. Kilo mbili ulizopungua kwenye mzani ni maji vilevile, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Zitarudi ukishakunywa na kula.

Zinabaki zile "kamba" nyeusi za kunyumbuka ambazo watu huzipiga picha na kurushiana kwenye simu. Hizo unaweza kuzitengeneza jikoni. Nunua isapgoli, yale maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na maduka ya Wahindi. Tia kijiko kimoja cha mezani kwenye nusu glasi ya maji, koroga, iache robo saa. Ukiinamisha glasi, maji hayamwagiki. Yamekuwa donge la kutetemeka, na ukilivuta kwa kijiko linanyooka kama ute wa bamia. Pakiti nyingi za kusafisha tumbo zina maganda hayo, au udongo laini unaofanya kazi ileile. Lipitishe donge hilo kwenye utumbo mrefu na mwembamba, lipake nyongo na mabaki ya chakula, litatoka na umbo la utumbo. Mnunuzi anatazama bidhaa aliyoinywa juzi akidhani ni mabaki ya harusi ya mwaka 2009.

Madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana kila siku ya kazi hawalioni gamba lolote la choo cha miaka. Wanaona ukuta wa rangi ya waridi, wenye unyevu. Seli za juu za ukuta huo hubanduka na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Gamba la miaka ishirini lingeshika wapi?

Hofu yenyewe ya sumu ya choo haikuanzia kwa wauzaji wa daladala. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa hofu ya wasomi. Ilya Mechnikov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba bakteria wa utumbo mpana ndio wanaotuzeesha. Huko London daktari wa upasuaji William Arbuthnot Lane alifikia kuwakata watu utumbo mpana wote kwa sababu tu wanakosa choo. Kule Battle Creek, Marekani, John Harvey Kellogg alikuwa akiwaosha wagonjwa wake utumbo kwa mashine. Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez akaandika kwamba kichwa kuuma na uchovu wa mtu aliyekosa choo havitokani na sumu, vinatokana na utumbo kutanuka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu akishapata choo anajisikia mzima papo hapo, ilhali sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu haiondoki kwa dakika mbili. Watafiti wa enzi hizo walijaribu hata kujaza pamba kwenye njia ya haja kubwa, na dalili zilezile zikaja, pamba ikitolewa zikaondoka. Pamba haina sumu.

Utumbo mpana ni kifumbu

Ukitaka kujua unachokichezea, mkumbuke mama anayekamua nazi. Machicha yameloa tui, anayatia kwenye kifumbu, anakinyonga mpaka tone la mwisho. Utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, hufanya hivyo usiku na mchana. Kila siku takriban lita 9 za maji huingia kwenye utumbo mwembamba: lita kama 2 ulizokunywa na kula, nyingine zote mate, nyongo na maji ya tumbo lenyewe. Utumbo mwembamba unazirudisha nyingi mwilini. Lita moja au moja na nusu inayobaki hushuka kwenye utumbo mpana, nao unaikamua mpaka ndani ya choo inabaki kati ya mililita 100 na 200 tu.

Maji hayo hayakamuliwi kwa nguvu za misuli. Yanaifuata chumvi. Ukuta wa utumbo hunyonya sodiamu, na maji yanakwenda nayo, huku potasiamu na baikaboneti zikitolewa kidogo kidogo kuelekea kwenye choo. Kwa hiyo hapa ni mahali ambapo mwili hufunga hesabu ya chumvi zake kila siku, ukisaidiana na figo. Dawa ya kuharisha inaukata mkono unaonyonga kifumbu: ama inavutia maji ndani ya utumbo, ama inauchapa usukume kabla ya kumaliza kukamua. Hesabu haifungwi, na kinachomwagika ni tui.

Mtu mzima mwenye afya akiharisha siku moja, figo zake zitaziba pengo. Atasikia kiu, kichwa kitamgonga, akisimama ghafla ataona giza. Ikiendelea siku tatu, potasiamu ndiyo ya kuogopwa. Kiwango chake kwenye damu hukaa kati ya 3.5 na 5.0, na nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu umeme wa moyo na wa misuli yote unategemea tofauti kati ya potasiamu iliyo ndani ya seli na hii kidogo iliyo nje. Ikishuka, miguu inakuwa mizito, vigimbi vinakaza, moyo unarukaruka.

Tena kuna jambo muuzaji halitaji. Utumbo nao ni msuli. Potasiamu ikipungua unalegea, gesi inajaa, choo kinakataa. Yaani mtu anarudi kwenye tatizo lililompeleka kununua, akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na dawa anayoijua ni ile ile. Nimeona watu wakizunguka kwenye duara hilo kwa miaka.

Mama yangu mdogo hakuhitaji miaka. Anatumia dawa za presha, na mojawapo ni ya kukojosha, ambayo yenyewe tayari inapoteza potasiamu kwenye mkojo. Alikunywa unga ule siku mbili, asubuhi na jioni, huku akijizuia kula "ili usafi uende vizuri". Siku ya tatu aliniita nimsaidie kupanda ngazi mbili za baraza. Mguu ulinyanyuka nusu ukarudi chini, kama wa mtu aliyetembea kutwa. Nilipomuuliza amekunywa nini alijibu, "Dawa ya asili tu, mwanangu." Hospitali potasiamu yake ilisoma 2.4. Alilazwa, akawekewa dripu taratibu chini ya kipimo cha moyo. Hakuna daktari aliyemgombeza. Mmoja alimuuliza tu jina la hiyo dawa, akaguna, akasema wiki ile alikuwa wa tatu.

Pamoja na chumvi wanaondoka wapangaji. Utumbo mpana una bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini, na wengi wao si adui. Wanakula makapi ya maharage na mboga ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya, wakiyageuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wenyewe wa utumbo. Ukifagia kila kitu, kwa mtu mzima wa afya wengi hurudi ndani ya wiki chache. Anayefagia kila mwezi hawapi nafasi.

Haluli ya bibi, na pakiti isiyo na jina

Sisemi kila kinachoharisha ni sumu. Bibi zetu walitupa haluli, tukijificha nyuma ya nyumba tusiipate. Chumvi ya haluli ni magnesiamu, inavuta maji. Sanamaki inauchapa utumbo usukume, na hospitali hutumia dawa ya jamii hiyo hiyo. Mafuta ya nyonyo kadhalika. Tofauti ni kwamba bibi alijua anatoa nini, kijiko kingapi, tena mara moja, na mchana alikuwa na supu ya kuku mezani. Pakiti ya kwenye basi haikuambii ina nini. Mara nyingi ni sanamaki au mshubiri kwa kipimo cha kubahatisha, na utaambiwa unywe mpaka "pawe peupe". Hapawezi kuwa peupe, kwa sababu mwili unaendelea kumwaga nyongo na maji.

Hata haluli ya bibi ina mipaka. Mwenye figo mbovu hawezi kuitoa magnesiamu, inajilimbikiza mpaka pumzi inapungua. Mjamzito akae mbali na mafuta ya nyonyo, yanaamsha uchungu. Mtoto mdogo ana maji machache mwilini, saa chache za kuharisha zinatosha kumlegeza. Na mtu yeyote mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana asiguse dawa ya kuharisha hata kidogo. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka. Utumbo uliojisokota, ugonjwa unaoonekana sana katika ukanda wetu, hauna njia ya kupitisha kitu. Mwenye taifodi ya wiki kadhaa ana vidonda kwenye utumbo mwembamba vinavyoweza kutoboka. Tumbo limevimba, unatapika, hata upepo hautoki: hapo safari ni ya hospitali, tena si kesho.

Kama shida yako ni minyoo, mwambie mwenye duka la dawa hivyo hivyo. Kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 kinawamaliza wengi bila kukukausha, ila mwenye mimba changa asikinywe.

Maji yanayopitia nyuma

Mijini sasa huduma imevaa koti jeupe. Unalala kitandani, mpira unaingizwa njia ya haja kubwa, lita kadhaa za maji zinapitishwa zikiingia na kutoka, taarabu ya chini ikipigwa. Pamesafishwa, panapendeza. Lakini kumbuka kifumbu: ukuta ule umeumbwa kunyonya maji. Maji matupu yakikaa humo yanaingia kwenye damu na kuizimua sodiamu, ambayo hutakiwa kuwa kati ya 135 na 145. Ikishuka sana ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege ukubwani. Mpira wenyewe unaweza kutoboa utumbo, hasa kwa mzee au mtu aliyewahi kupasuliwa.

Usafi wa mashine ni jambo jingine, na halina mzaha. Kati ya Juni 1978 na Desemba 1980, kliniki moja ya magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani, iliwaambukiza amiba wateja wake kupitia mashine ya kuosha utumbo. Waligunduliwa wagonjwa wasiopungua 36. Kumi walikatwa utumbo mpana, na sita kati ya hao kumi walikufa. Wachunguzi walipoipima mashine baada ya kusafishwa kama ilivyokuwa desturi ya pale, waliikuta imejaa bakteria wa kinyesi.

Kahawa nayo ina wafuasi. Daktari Max Gerson aliieneza kama sehemu ya tiba ya saratani, na hadi leo kuna wanaojipiga enema ya kahawa nyumbani, yaani kuiingiza kwa njia ya haja kubwa, wakidhani wanaosha ini. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliripoti vifo viwili vya watu waliojipiga enema hizo mfululizo mpaka chumvi zao zikavurugika. Kahawa inywewe kwenye kikombe, na kashata pembeni.

Ukiamua kwenda licha ya haya yote, uliza mambo mawili kabla ya kuvua nguo: mpira ni mpya na unafunguliwa mbele yako, na nani pale ni muuguzi au daktari aliyesajiliwa? Wakikujibu kwa tabasamu, vaa viatu.

Pale unapotakiwa kusafisha kweli

Kuna siku tumbo lazima lisafishwe: kabla ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ya utumbo mpana, na kabla ya baadhi ya upasuaji. Utapewa unga wa kuchanganya na maji mengi, mara nyingi lita 2 hadi 4. Unga huo si haluli ya kawaida. Chumvi zake zimepimwa zilingane na za mwili, hivyo maji yanapita kama kwenye bomba, hayaingii sana wala hayakunyonyi sana. Ulinganifu huo umetafutwa kwa gharama: dawa nyingine za kusafisha zenye fosfeti ya sodiamu ziliharibu figo za baadhi ya watu, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo kali.

Kwa hiyo ukipewa dawa hiyo, usiibadilishe na ya dukani kwa sababu ni ya bei nafuu. Iweke kwenye friji, inanyweka vizuri ikiwa baridi. Siku ya kabla kunywa vitu vya majimaji tu, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa, maji ya tufaha, ila usinywe juisi nyekundu, kwenye kamera inafanana na damu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma viachwe siku tano hadi saba kabla, kwa sababu vinaacha choo cheusi kinachonata. Mwenye kisukari aulize mapema dozi yake iweje siku ya kutokula. Sukari kuanguka usiku ule si jambo la nadra. Usipange safari, na usimwamini mtu anayekuambia utawahi foleni ya choo cha nyumba ya kupanga yenye vyumba sita.

Ukishakunywa tayari

Pengine unasoma haya umekwisha kunywa. Simamisha. Nunua ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ndani ina sodiamu, potasiamu na glukosi kwa vipimo vinavyofungua mlango wa kunyonya maji, jambo ambalo maji matupu au soda havifanyi. Kama huipati, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Potasiamu humo haimo, kwa hiyo ongeza ndizi mbivu au dafu. Mwenye figo mbovu asifanye hivyo bila kuuliza. Kula, hata uji. Kufunga hakusaidii kitu.

Angalia pia dawa zako nyingine. Zilizopita mbio hazikufanya kazi. Ukiharisha sana zaidi ya siku moja, hesabu vidonge vya uzazi wa mpango kana kwamba hukuvimeza, na tumia kinga nyingine. Mwenye kutumia dawa za kifafa, za VVU au za moyo ampigie simu mhudumu wake siku hiyo hiyo. Moyo ukirukaruka, miguu ikikataa, mkojo ukikauka, au kichwa kikianza kuchanganyikiwa, usisubiri ORS ifanye kazi, nenda hospitali.

Kuhusu choo kigumu chenyewe, kwanza jua cha kawaida ni kipi: kuanzia mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki. Anayekwenda kila baada ya siku mbili bila kujikamua haumwi. Kwa anayejikamua, mabadiliko ya kwanza ni unga. Sembe nyeupe imeondolewa kiini na pumba, dona inavyo. Maharage, kunde, makande, kisamvu, papai, ukwaju uliolowekwa usiku kucha. Ongeza polepole, ukizidisha siku ya kwanza gesi itakutoa ukumbini. Kaa chooni dakika kumi baada ya chai ya asubuhi, maana chakula kikiingia juu kinauamsha utumbo chini, na ukibana haja ofisini kila siku utumbo unajifunza kunyamaza. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia. Kwenye cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu. Isapgoli ile ya glasi ni dawa nzuri, mradi uinywe na glasi nzima ya maji. Ikishindikana kwa wiki mbili tatu, mfamasia ana sharubati ya laktulosi.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au tabia ya choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 45, hivyo si vya kujaribia papai. Huenda ikawa bawasiri, na huenda isiwe. Kuna wanaofika kwenye kamera wamechelewa kwa sababu walianza na pakiti nne.

Mama mdogo siku hizi anakula dona, anailalamikia rangi, na anapata choo. Dawa yake ya kukojosha ilibadilishwa. Pakiti ya pili bado iko kabatini, juu ya vikombe vya wageni. Kila nikimwambia aitupe ananiuliza elfu tano yake nani atamrudishia.